Vinu Visivyo na Unga

Anayetaka kusadiki na asadiki. Asiyetaka aketi tu asikilize, kwani kuketi hakuna ushuru. Hii ni habari ya Mzee Mhina Semkuya, fundi mizani mstaafu wa kule kwetu, na nchi ya Stara aliyoifikia akarudi. Alifikaje, msiulize. Nchi ile haina stesheni wala bandari, na wengi wetu tumekwisha kuikanyaga bila kunyanyuka vitini. Mwenyewe husema alipokea barua, na alipomaliza kuisoma alikuwa keshafika.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Serikali ya Stara ilikuwa inatafuta fundi wa nje, mkweli, asiye na upande, aje aikague Mizani Kuu ya nchi na kutoa cheti. Mzee Mhina aliona wamempata mtu wao. Miaka thelathini na minne alikuwa amezunguka minada na maghala akiwa na mkoba wa mawe ya shaba na nyundo ndogo, na mizani inayopunja aliijua kwa kuitazama, kama mama mkwe anavyoujua uji ulioungua kabla hajauonja. Alikuwa na kanuni moja aliyojivunia kuliko pensheni yake: fundi hujibu alichoulizwa. Ukimwuliza mizani, atakujibu mizani. Kama mke wa mwenye duka ana jicho limevimba, hilo halimo kwenye fomu.

Kitu cha kwanza alichokisikia Stara kilikuwa ni kutwanga. Kinu kimoja kilianza nyuma ya nyumba, mara cha jirani kikapokea, na cha tatu, hadi mtaa mzima ukawa unadunda kama kifua cha mtu aliyekimbizwa. Kisha kimya. Baada ya kitambo ukaanza mtaa mwingine. Mzee Mhina akafurahi. Hawa ndio watu, akajisemea, kumekucha tu na wako kazini.

Alipangishiwa kwa mjane mmoja aitwaye Bi. Kidawa, mwanamke mrefu, viganja vimekomaa kama vya mchimba visima. Akamwandalia chai na mkate wa kununua.

"Mji wenu una bidii, dada," Mzee Mhina akasema. "Kwa unga mnaotwanga hapa, nadhani mnalisha na nchi jirani."

"Unga gani, kaka?"

"Huo unaotwangwa."

Bi. Kidawa akamtazama, kisha akageukia birika. "Kunywa chai. Mgeni hajavua viatu, anataka kujua paa linavuja wapi."

Lakini jicho la sokoni halistaafu. Mzee Mhina alikuwa amekwisha kuona kwamba mji ule hauna pumba, hauna nyungo, na hauna kuku hata mmoja anayezengea kinu. Na palipo na kinu pana kuku. Hiyo ni kanuni ya dunia. Akainuka, akachungulia kinu cha mwenyeji wake pale barazani. Kitupu. Tena si utupu wa jana wala juzi: ndani kiling'aa kama kioo, hakijapata kuonja punje.

"Hiki mnatwangia nini?" akauliza.

"Tunamtwangia jirani," akajibiwa, na si na Bi. Kidawa. Sauti ilitoka pembeni, kwenye jamvi, alikoketi mwanamke kijana, mtungi mdogo wa udongo mapajani. Kope lake la kushoto lilikuwa na rangi ya embe linaloanza kuoza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jirani huyo anakula nini, mbona kinu kikavu?"

"Hali kitu. Anapigwa," akasema yule kijana, kwa sauti ile ile aliyoamkia.

Jina lake lilikuwa Siyawezi. Mumewe alikuwa Bwana Jaha, msoma risala wa mji, mtu mwenye sauti tamu ambaye hapakuwa na harusi Stara iliyokwisha bila yeye kusimama na kuwaliza wazazi wa pande zote mbili. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani. Siyawezi alikuwa kwa Bi. Kidawa kwa siku chache tu, kwa ruhusa ya sheria, akingoja kilio chake kipimwe.

Hapo ndipo Mzee Mhina alipofahamishwa mambo ya nchi ile, na nayaeleza kama alivyoyaeleza.

Stara, kilio cha mwanamke kikivuka ukuta, aibu si ya nyumba ile peke yake, ni ya mtaa mzima. Kwa hiyo jirani akikisikia anawajibika kushika mchi na kutwanga mpaka kikome. Kuacha kutwanga ni kosa. Wasichana hufundishwa mwendo wa mchi kabla ya kufundishwa kuhesabu. Wanawake ndio watwangaji wakubwa, maana ndio wanaoshinda nyumbani, na kila mmoja hutwanga kwa moyo akijua zamu yake ikifika naye atatwangiwa. Huku ndiko wanakoita kusitiriana.

"Na anayepigwa ashtaki wapi?" Mzee Mhina akauliza.

"Mahakama ipo," Bi. Kidawa akasema. "Usidhani umekuja porini."

Mahakama ilikuwapo kweli, na sheria zake zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kifungu cha kwanza kinasema kilio ambacho hakimo mtungini hakikutoka kinywani. Kila bibi harusi hupewa mtungi siku ya ndoa, wenye shingo nyembamba, na akipigwa sharti aushike kwa mikono miwili, aukaze mdomoni, alilie humo. Baadaye mtungi hufungwa kwa nta na kupigwa mhuri wa mwenye nyumba, kuthibitisha kwamba kilio ni cha humo ndani na hakikuazimwa. Mwenye nyumba ndiye huyo huyo aliyekisababisha. Kisha mtungi hupelekwa kwenye Mizani Kuu. Kilio kikiwa kizito, mwanamke huenda zake na mume hujibu. Kikiwa chepesi, hupimwa tena, mpaka mara tatu. Kikiwa chepesi mara ya tatu, mwanamke hurudishwa kwake, na tangu hapo mtungi wake haupokelewi tena mpaka afe.

Siyawezi alikuwa amekwisha kupimwa mara mbili. Ya tatu ilikuwa kesho.

"Na mikono yote ikishika mtungi," Mzee Mhina akauliza, "kichwa anakikinga na nini?"

"Hilo walilijadili barazani miaka sita," Bi. Kidawa akasema. "Wakakata shauri kwamba mwanamke aliyekinga kichwa, mtungi wake ni mtupu, hana kesi. Na aliyejaza mtungi ni wazi mikono yake ilikuwa na nafasi, kwa hiyo hakupigwa sana."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nilijaza," Siyawezi akasema. Akainamisha kichwa kuonyesha utosi, mahali nywele zilipokuwa zimeacha kuota.

Adhuhuri ile Mzee Mhina akaenda mahakamani na mkoba wake. Ukumbini palikuwa na foleni ya wanawake na mitungi, na karani mpokezi, kijana nadhifu, akiwajaza fomu mmoja mmoja.

"Siku hiyo ulipika nini?"

"Maharage."

"Chumvi ilikuwaje?"

"Ya kawaida."

"Ya kawaida kwako au kwake?" Mwanamke akasita. Karani akaandika: amesita. "Ulivaa nini?"

"Kanga."

"Ina maandishi gani?" Karani hakuinua macho. "Maandishi mengine yanachokoza, mama. Tunauliza kwa faida yako."

Mpima Mkuu mwenyewe, Bwana Ladu, alimpokea mgeni kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mpole, anayenukia karafuu, anayewafungulia wanawake mlango na kuwaita wote binti zangu. Akamwongoza hadi kwenye Mizani Kuu, na hapo Mzee Mhina akasahau maharage na kanga, akawa fundi tena. Ilikuwa mizani ya fahari. Boriti ya mpingo, sinia mbili za shaba, ncha imekaa juu ya kijiwe kikali kama wembe. Akaigonga kwa nyundo yake, akaweka jiwe la ratili huku na la ratili kule. Ikatulia sawasawa. Akaweka unywele wake mmoja wa mvi upande mmoja, sinia ikashuka.

"Sijapata kuona mizani nzima kama hii," akasema.

"Wageni wanatusema," Bwana Ladu akalalamika. "Wanasema tangu nchi iumbwe hakijapatikana kilio kizito hata kimoja. Sasa je, ni kosa letu kama wanawake wetu wana raha?"

"Mnapimia nini upande wa pili?"

Bwana Ladu akafunua kitambaa. Chini yake palikuwa na jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha ndama. "Hii ndiyo Heshima ya Nyumba. Waasisi wetu waliliokota mtoni. Wazee husema lilikuwa dogo kama yai la njiwa."

"Na mbona liko hivi?"

"Limekua."

"Mawe hayakui, Mheshimiwa."

"La kwetu limekua. Heshima ikitunzwa hukua." Akatabasamu. "Kila mwaka tuna sikukuu yake. Wenye nyumba wote hupita kwa foleni, kila mmoja akalipaka chokaa kidogo, lisififie."

Bwana Ladu alipoitwa kidogo ukumbini, Mzee Mhina akatoa kisu chake cha mfukoni, akakwangua jiwe kwa chini, mahali pasipoonekana. Kikabanduka kibanzi. Akakigeuza kwenye mwanga. Chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa, tabaka nyembamba kama za kitunguu, akahesabu hadi arobaini akachoka. Ndani kabisa, huko kisikofika kisu, lilikuwamo yai la njiwa. Yote mengine yalikuwa ni rangi. Hakuna aliyefanya hila. Kila mtu alipaka kidogo tu, mara moja kwa mwaka, kwa nia safi, na hapana aliyewahi kukwangua. Mzee Mhina akakifunga kibanzi katika leso, akatia mfukoni.

Aliporudi, Siyawezi alikuwa akimngoja barazani.

"Umeiona, baba?"

"Nimeiona. Mizani ni nzima."

"Na jiwe?"

Mzee Mhina akavua kofia, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Kesho nitaulizwa maswali, mwanangu."

"Ukiwa umeona kitu, utasema?"

"Nikiulizwa."

Siyawezi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa umbali wa safari na kuona ndio huo huo aliokuwa akiudhania. Akauvuta mtungi wake karibu. Na vile alivyokaa, magoti pamoja, kanga imebanwa chini ya kwapa, Mzee Mhina alimwona mtu mwingine kabisa.

Alimwona Zawena, bintiye wa pekee. Zawena alikuja kwa baba yake mara tatu tangu aolewe. Mara ya kwanza na begi, mara ya pili na mfuko wa plastiki, mara ya tatu bila kitu. Mara zote aliketi hivyo. Mara ya kwanza babaye alimwambia ndoa ni kuvumiliana. Mara ya pili akamwambia hata marehemu mama yako alivumilia mengi, na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia. Mara ya tatu Zawena alikuwa akigeuza uso pembeni kila aliposemeshwa, na Mzee Mhina akaona hicho ni kiburi, akakasirika. Akanunua kilo mbili za sukari, akamrudisha mwenyewe kwa mguu, akamkabidhi mkwewe binti na sukari, akasema, "Huyu mwenzio, mkae kwa amani." Huo ulikuwa mwaka wa pili sasa. Hakuja tena, na babaye alikuwa amelichukulia hilo kuwa ni dalili njema.

Asubuhi ukumbi wa mizani ulijaa. Bwana Jaha alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akampa kila mtu mkono, akamwuliza mkewe mbele za watu kama amekula. Bwana Ladu akasimama na karatasi.

"Fundi, kwa uaminifu wako. Boriti imenyooka?"

"Imenyooka."

"Sinia zinalingana?"

"Zinalingana."

"Mizani ni nzima?"

"Mizani ni nzima."

Mzee Mhina akangoja swali la nne. Kibanzi cha chokaa kilikuwa mfukoni mwake, chepesi, na alikisikia pajani kana kwamba ni kaa la moto. Siyawezi alimtazama. Hakumtazama kwa kuomba; alimtazama kama mtu anayetazama saa. Karani akamsogezea cheti na kalamu, na swali la nne halikuja, kwa kuwa halikuwamo kwenye fomu. Akatia sahihi.

Mtungi ukawekwa sinia ya kushoto, Heshima ya Nyumba ikawekwa ya kulia. Mtungi ukapaa juu kama mtoto anayerushwa.

"Chepesi," akasema Bwana Ladu kwa huzuni ya kweli. "Nenda nyumbani, binti yangu. Mungu awape uelewano."

Watu wakapiga makofi ya kistaarabu. Siyawezi akauchukua mtungi wake, akapita karibu na Mzee Mhina, akasema taratibu, "Ahsante, baba. Hukusema uongo."

Alasiri Mzee Mhina alikuwa barazani kwa Bi. Kidawa akifunga mkoba, na cheti cha shukrani kimekunjwa juu yake. Mlango wa kijani ng'ambo ya barabara ulikuwa umefungwa. Kikatoka kilio kimoja, kifupi, kisichokuwa na mtungi.

Bi. Kidawa aliinuka. Alishika mchi. Kinu chake kikaanza, cha jirani kikapokea, na cha tatu, na mtaa wote ukadunda. Akamtupia mgeni mchi wa pili. "Sheria, kaka. Aliye barazani hutwanga."

Akatwanga. Mimi sitamtetea. Alitwanga, na kilichomtisha ni kwamba mikono ilijua. Mwendo ule hakufundishwa Stara. Ulikuwa ni mwendo wa kuongeza sauti ya redio jioni anapofoka jirani, mwendo wa kukohoa kwa nguvu apitapo mtu dirishani, mwendo wa miguu yake mwenyewe njiani kwa mkwe, kilo mbili za sukari mkononi, binti nyuma. Akamtazama Bi. Kidawa. Machozi yalikuwa yakimchuruzika hadi kidevuni, na mchi wake haukukosa pigo hata moja.

"Nani alikutwangia wewe?" Mzee Mhina akauliza juu ya kelele.

"Mama yake Siyawezi," Bi. Kidawa akajibu. "Miaka kumi na tisa. Alikuwa mtwangaji mzuri sana."

Mzee Mhina akaulaza mchi chini.

Kelele zilipungua kidogo tu, kama kinywa kilichong'oka jino moja. Bi. Kidawa akatwanga mara mbili zaidi, mara tatu, kisha naye mikono ikamlegea, akasimama ameushika mchi wima kama bendera isiyo na upepo. Ikawa michi miwili imenyamaza. Na katika ule mwanya, sauti ya Siyawezi ikapita. Ikafika barabarani, watu wakaisikia, na muuza mkaa aliyekuwa akipita akaweka gunia lake chini akitafuta pa kutazama.

Mzee Mhina akavuka barabara, akagonga mlango wa kijani.

"Hodi."

Bwana Jaha akafungua, anahema, kanzu haina mkunjo. "Fundi, karibu. Utatuwia radhi, tuko katika mazungumzo."

"Nimemjia Siyawezi."

"Umetumwa na mahakama?"

"Hapana."

Bwana Jaha akasumbuka kwelikweli. Stara haikuwa na sheria ya mtu anayebisha hodi wakati wa kutwanga, jambo hilo halikuwahi kutokea. Alisimama akitafuta kifungu kichwani, na alipokuwa akitafuta, Siyawezi akatokea nyuma yake, anashika ukuta. Mkono mmoja haukuwa ukining'inia sawasawa.

"Leo nani amekuuliza?" akamwambia Mzee Mhina.

"Hakuna aliyeniuliza."

Siyawezi akapita katikati ya wanaume wawili, akatoka, akavuka barabara, akaingia kwa Bi. Kidawa, na Bi. Kidawa akafunga mlango. Hivyo tu. Kama mtu anayetaka nimwambie kwamba mtaa uliinuka na michi ukaivunja ile mizani, aende kwa mwongo mwingine. Vinu vingine viliendelea mpaka watwangaji walipotambua kwamba hakuna tena cha kufunika.

Kesho yake Baraza la Wenye Nyumba likakaa kumhukumu mgeni. Mjadala ulikuwa wa kisomi.

"Kubisha hodi ni adabu," akasema mzee mmoja. "Mlango ulikuwa umefungwa, akabisha. Sioni kosa."

"Kosa si hodi," akajibu mwingine. "Kosa lilitangulia. Alinyamaza. Mtaa ulikuwa katika utulivu wake, vinu vinalia, yeye akaleta kimya. Amevunja amani kwa kuacha kelele."

Hoja hii ikapendwa sana, ikaandikwa. Mzee Mhina akasimama bila kuulizwa, akatoa leso, akaweka kibanzi cha chokaa mezani, akaeleza habari ya tabaka arobaini na yai la njiwa. Wakamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha Bwana Ladu akauliza kwa masikitiko, "Fundi, kumbe uliikwangua Heshima ya Nyumba?" na ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Wakatuma mtu na ndoo, pale palipokwanguliwa pakapakwa upya, mara mbili kwa usalama. Cheti alichokitia sahihi, kilichokwisha kutundikwa ukutani, wakakiacha palepale, kwa sababu kilikuwa kweli.

Akapewa saa moja aondoke nchini. Siyawezi aliamriwa arejee mlango wa kijani kabla ya siku saba, na Bi. Kidawa aliamriwa amtoe. Mzee Mhina alipopita kumuaga, Bi. Kidawa alizungumza naye kupitia dirishani, mlango hakuufungua.

"Utamtoa?"

"Kaka, mimi na kinu changu tumezeeka. Labda nimeanza kuwa kiziwi, sisikii wanaoniamuru." Akatazama kulia na kushoto. "Lakini wako wengi, na mlango ni mmoja. Nenda. Huna wako wewe?"

Alipokuwa akiivuka mipaka ya Stara, mtaa ule ukaanza tena kudunda kwa mbali. Akasimama akasikiliza, akijaribu kujua kama kuna kinu kimoja kinachokosekana. Kwa umbali ule hakuweza kujua. Kilichompata Siyawezi baadaye hakijui hadi leo, na nikimwuliza hubadilisha mazungumzo.

Hakupitia nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Zawena, na mkoba wa mizani begani, vumbi la safari magotini. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nyumba ya jirani redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, wimbo wa harusi, hapana mtu aliyekuwa akicheza. Alisimama kidogo akaisikiliza redio ile. Kisha akaingia uani.

Zawena alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua, amempa babaye ubavu wa kushoto.

"Hodi," akasema.

Zawena hakugeuka.

"Hodi, mwanangu."

Akaendelea kufikicha kola ya shati la kiume. Kivuli cha babaye kilipoangukia maji ndipo alipostuka, akainua mikono yote miwili kichwani. Kisha akamtambua, akaishusha polepole, povu likimtiririka viwikoni.

"Shikamoo, baba. Umekuja lini?" Macho yake yakashuka hadi kwenye mikono ya babaye. "Leo hukuleta sukari?"

"Sikuleta. Nimekuja kukuchukua. Chukua nguo zako tuondoke, na asiyependa aje aniulize mimi."

Zawena akamwinulia uso, kisha akaugeuza pembeni, vilevile kama alivyougeuza siku ile ya tatu, mpaka sikio la kulia likawa limemwelekea babaye.

"Pitia huku, baba, useme tena," akasema. "Upande huo sisikii. Tangu mwaka juzi."

Mzee Mhina akaweka mkoba chini. Akalizunguka beseni, akapiga magoti kwenye tope upande wa kulia wa bintiye, akalisema tena.